Karatasi ya damu ya mtoto mwenye pumu, nilivyojifunza kuisoma

Kama unalea mtoto mwenye pumu basi najua nyumbani kwako kuna bahasha imejaa karatasi za vipimo, FBP (kile kipimo cha kuhesabu chembe zote za damu) ya mwaka juzi, FBP ya mwaka jana, choo, mkojo, malaria, zingine wino umeshafutika maana zile zinazotoka kwenye mashine ndogo hazidumu, na kila ukienda hospitali mpya wanaanza upya wanatoa damu nyingine. Mi mwanangu wa pili ana pumu toka hajafikisha miaka mitatu, sasa hivi yuko darasa la pili, tunaishi Mwanza, na nafundisha bailojia sekondari kwahiyo habari za chembe nyeupe za damu sikuzisikia hospitali kwa mara ya kwanza. Lakini jamani kuchora chembe nyeupe ubaoni ni kazi nyepesi, kuikuta kwenye karatasi yenye jina la mwanao huku yeye amekaa kitandani ameinama mbele anatafuta hewa ndo utajua kama ulielewa ulichokuwa unafundisha.

Naandika kwa wazazi wenzangu kwa sababu ile karatasi inaweza kukusaidia sana na inaweza kukupoteza sana, na kinacholeta tofauti ni mambo ambayo mara nyingi hayaandikwi kwenye karatasi yenyewe: damu ilitolewa lini, mtoto alikuwa ameshapewa dawa gani, na tumboni ana nini. Hayo matatu, ukiyakosa, namba zinabaki namba tu.

Tuanze na pumu yenyewe maana watu wengi wanajua ni kifua kubana basi. Ndani ya vile vimirija vya hewa kuna uvimbe, ukuta umevimba umekuwa mwekundu, ute mzito umejaa, na misuli inayozunguka mirija inakaza kwa kitu kidogo tu, vumbi, moshi wa mkaa, dawa ya mbu ya kuchoma, baridi la alfajiri, mafua. Ile pampu ya salbutamoli, ambayo mara nyingi ni ya bluu, inalegeza misuli, mtoto anapata nafuu dakika chache, ila uvimbe unabaki pale pale. Na uvimbe huo kwa watoto wengi wenye pumu unabebwa na chembe nyeupe fulani zinaitwa esinofili, ndo zile kwenye karatasi zinaandikwa EOS au EO, mstari ambao wazazi wengi tunaupita tunakimbilia WBC (jumla ya chembe nyeupe) na HB (wingi wa damu).

Esinofili zinatengenezwa kwenye uboho wa mifupa, zinaingia kwenye damu, humo hazikai hata siku nzima kwa kawaida, zinaelekea kwenye nyama za mwili, utumbo, ngozi, mapafu, na huko ndo zinafanya kazi yao. Kwahiyo ukipima damu unahesabu zilizoko njiani. Ni kama mtu asimame stendi ya Nyegezi ahesabu abiria ili ajue Shinyanga kuna watu wangapi, atapata picha fulani, kama stendi imefurika atajua kuna watu wengi wanaelekea huko, ila hesabu kamili ya waliokwisha kufika hana. Hicho kitu kilinisaidia sana kutoshtuka kila namba ikicheza.

Kitu kingine, FBP inakupa esinofili kwa namna mbili, asilimia na idadi kamili. Angalia idadi kamili. Asilimia inadanganya kwa sababu inategemea chembe zingine. Mtoto mwenye chembe nyeupe 5.0 na esinofili asilimia 4 ana 0.2 tu, yaani seli 200 kwenye maikrolita moja ya damu, mtoto mwenye chembe nyeupe 16.0 na asilimia hiyo hiyo 4 ana 0.64, yaani 640, hawa sio sawa hata kidogo. Maabara nyingi zinaweka mwisho wa kawaida kwenye 0.5 au karibu na hapo, na madaktari wa pumu wanaziangalia pia namba za chini ya hapo, 300 kwa mfano wanaitaja sana, hata 150 kwa wale wenye pumu kali ambao tayari wako kwenye dozi kubwa ya dawa ya kuvuta.

Sasa nieleze ilivyokuwa kwetu.

Kuna mwaka mwanangu alibanwa vibaya kipindi cha kiangazi, vumbi lilikuwa jingi, tukampeleka kituo cha jirani wakamweka kwenye nebulaiza, ile mashine ya kuvutisha dawa kama mvuke, wakampa prednisoloni ya kumeza, yaani dawa ya steroidi ya kushusha uvimbe, akalala pale. Kesho yake ndo wakatoa damu. Karatasi ikaja WBC 16.8, nyutrofili (chembe nyeupe za kupambana na bakteria) asilimia 82, esinofili 0.03. Tukaambiwa ana maambukizi kwenye damu, akaanzishiwa sindano za antibayotiki. Mtoto hakuwa na homa, alikuwa anaomba chipsi, kifua kilishaanza kufunguka. Mi niliangalia ile 0.03 nikajiuliza mtoto mwenye pumu, mwenye pumu ya ngozi toka mchanga, mwenye mafua ya kila asubuhi, esinofili zimeenda wapi?

Jibu nilikuja kupewa na dokta mmoja wa watoto kwenye hospitali kubwa tulipopewa rufaa, mama mtaratibu sana, aliziweka karatasi zote mezani akazipanga kwa tarehe halafu akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, siku hii walipotoa damu alikuwa ameshameza prednisoloni?" Nikamwambia ndio, toka jana yake jioni. Akasema basi hapa hatuna cha kusoma kuhusu esinofili. Prednisoloni ndani ya saa chache inaziondoa esinofili kwenye damu, na wakati huo huo inazisukuma nyutrofili zilizokuwa zimejishikiza kwenye kuta za mishipa ziingie kwenye mzunguko, uboho nao unaachia zingine, kwahiyo WBC inapanda bila bakteria yoyote kuwepo. Hata kule kuhangaika kwa mtoto usiku kucha, na salbutamoli nyingi, navyo vinapandisha. Akaniambia tukitaka kujua esinofili za mwanangu tusubiri wiki moja mpaka mbili baada ya kumaliza dawa ya kumeza, mtoto akiwa ametulia, na tujitahidi kila mara kupima saa zile zile maana asubuhi huwa chini na usiku zinapanda.

Tukafanya hivyo. Ikaja 0.78. Karatasi ya mtoto yule yule, mapafu yale yale, moja inasema 0.03 nyingine 0.78, na zote mbili mashine ilihesabu sawasawa. Toka siku hiyo kila karatasi naandika kwa peni pembeni: ametumia prednisoloni lini mara ya mwisho, ana homa au hana, ametoka wapi. Hiyo ya ametoka wapi nitaieleza maana ndo sehemu yetu sisi watu wa kanda ya ziwa.

Kabla ya hapo niseme kuhusu maabara, maana hapa nilifurahi. Kijana wa pale maabara aliposikia nafundisha bailojia akaniita nichungulie kwenye hadubini, alikuwa amepaka tone la damu kwenye kioo amelitia rangi, chembe nyekundu zimejaa kila mahali, halafu katikati yao moja imesimama ina viini viwili vimeungana na ndani imejaa punje punje za rangi nyekundu ya chungwa inayong'aa. Nilikuwa nazichora miaka yote. Rangi inayozishika punje zile ni eosini, na aliyezitambua kwa kutumia rangi hiyo ni Mjerumani Paul Ehrlich mwaka 1879, na mpaka leo rangi za maabara zetu bado zina eosini ndani yake. Zile punje ndo silaha zenyewe, zimebeba protini kali za kuua minyoo, na zikimwagwa kwenye kuta za njia za hewa zinaumiza kuta zenyewe. Nikawaza hapo kwamba chembe hii mwili umeiweka kwa ajili ya minyoo na sisi tunaihukumu kwa pumu.

Na minyoo ndo ikaja kutuvuruga.

Likizo ya Desemba mwanangu alienda Ukerewe kwa bibi yake. Ukerewe ni kisiwa, mtoto na maji hutamtenganisha, wenzake wanaoga ziwani, wanateka maji ziwani, naye yumo. Alirudi mzima, mnene kidogo hata. Mwezi wa tatu tulipoenda kliniki FBP ikaonyesha esinofili 2.3. Kifua chake kilikuwa na kikohozi cha hapa na pale, si kibaya. Mtu akiiangalia ile karatasi peke yake anasema pumu imeharibika kabisa, aongezewe dozi. Yule dokta akaangalia maandishi yangu ya pembeni, Ukerewe, akasema pumu peke yake mara chache inafikisha huko, tupime choo kwanza, na asipimwe sampuli moja tu maana mayai hayatoki kila siku. Sampuli ya pili wakakuta mayai ya kichocho cha tumbo, yale yenye mwiba ubavuni. Wakampima uzito, kilo 21, dawa ya kichocho prazikwanteli ni miligramu 40 kwa kila kilo, vidonge ni vya miligramu 600, akapewa kimoja na nusu baada ya kula ugali akashiba kabisa maana ile dawa kwenye tumbo tupu inatapisha, ni chungu. Wiki kadhaa baadae akarudia kwa sababu prazikwanteli haiui vizuri minyoo michanga, inaua iliyokomaa. Na dokta akatuonya tusikimbilie kupima damu mapema, baada ya dawa esinofili zinaweza hata kupanda kwanza minyoo inapokufa, ndo baadae zinashuka taratibu kwa miezi.

Jamani hili nawaomba mlichukue kwa uzito. Vitabu vingi vya pumu na makala nyingi kwenye simu zimeandikwa na watu ambao watoto wao hawaogi ziwani. Huku kwetu esinofili zikipanda uliza kichocho, uliza safura, uliza minyoo ile mikubwa ya duara, hiyo ya duara ikiwa michanga inapita kwenye mapafu kabisa na mtoto anakohoa na kifua kinapiga filimbi, mtu anaweza kuita pumu kumbe ni minyoo inasafiri. Watu wa pwani wana mambo ya matende, kuna ugonjwa wa mapafu unaotokana na minyoo ya matende, esinofili zinapita 3.0 na mtu anakohoa usiku hasa, tiba yake sio ya pumu. Kwahiyo ile kingatiba inayotolewa mashuleni, albendazo na prazikwanteli, mtoto mwenye pumu naye apewe, kuna wazazi wanamficha mtoto siku hiyo wanaogopa dawa itamletea kubanwa, ongea na dokta wako ila usimfiche.

Kwetu baada ya miezi ile ilishuka mpaka 0.62. Haikurudi chini zaidi ya hapo. Hiyo iliyobaki ndo yake mwenyewe, ya aleji.

Tuje kwenye CRP maana siku hizi vituo vingi wanayo, na inatumika kweli kweli. Hii ni protini inatengenezwa na ini pale mwili unapopata uvimbe mkali, iligunduliwa New York mwaka 1930 kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia, na hapo ndo ina maana kwetu, pumu na nimonia zinafanana sana kwa mtoto, wote wanapumua haraka, mbavu zinaingia ndani, pua zinacheza. Pumu peke yake kwa kawaida haipandishi sana CRP. Mara moja mwanangu alibanwa akiwa na mafua, CRP ikatoka 7, dokta akasema hapa antibayotiki hazina kazi, nebulaiza, prednisoloni, mtoto akapona bila sindano hata moja. Mara nyingine akabanwa ana homa ya 39 na upande mmoja wa mgongo ulikuwa unasikika vibaya kwenye mashine ya kusikilizia kifua, CRP ikaja 96, picha ya kifua ikaonyesha nimonia, akapewa antibayotiki na zilihitajika. Kwahiyo mi sio mtu wa kupinga antibayotiki, napinga kuzitoa kwa sababu WBC imepanda kwa mtoto aliyekunywa prednisoloni jana.

Ila CRP nayo ina masharti yake. Inachukua saa sita mpaka kumi na mbili kuanza kupanda na inafika kileleni siku ya pili hivi, ukipima homa ilipoanza tu unaweza kukuta iko chini ukajipa moyo bure. Na malaria inaipandisha, tena sana, kwahiyo huku Mwanza CRP kubwa bila kipimo cha malaria haisemi ni bakteria. Virusi vya mafua navyo vinaweza kuipandisha kidogo. Watoto wenye selimundu, na kanda yetu tunao wengi, chembe zao nyeupe ziko juu hata wakiwa wazima, kwahiyo mzazi mwenye mtoto wa selimundu anayebanwa kifua asiache kuwakumbusha kila anapoenda. ESR, kipimo kingine cha damu cha kuonyesha uvimbe, sitaiongelea sana, inapanda taratibu inashuka taratibu na upungufu wa damu unaivuruga, kwa pumu ya mtoto sijaona ikitusaidia.

IgE pia niliuliza. Ni kingamwili ya aleji, ndo inayozishtua chembe za kwenye njia za hewa pale vumbi linapoingia. IgE ya jumla ni kipimo cha gharama kwa mtu wa kawaida, na tatizo lake ni lile lile la esinofili, minyoo inaipandisha sana. Kinachosaidia zaidi ni IgE ya kitu maalumu, vijidudu vya vumbi la godoro, mende, paka, au kile cha kuchoma choma ngozi na matone. Sisi tulifanya cha ngozi, mkono ukavimba kwenye vijidudu vya vumbi na mende, basi, tukajua pa kuanzia, godoro tukalivalisha plastiki, mashuka yanafuliwa kwa maji ya moto kila wiki, unga na sukari vinafungwa vizuri mende wasipate chakula, dawa ya mbu ya kuchoma tumeiacha tuna chandarua, jiko la mkaa halipikiwi ndani hata mvua ikinyesha.

Watu wananiuliza sasa kama minyoo, malaria, prednisoloni, vyote vinavuruga, damu ya nini? Ina kazi, tena kubwa, hasa kwa watoto wadogo ambao hawawezi kupuliza kwenye mashine ya kupima mapafu. Kuna kigezo kilitoka Tucson kule Arizona mwaka 2000, cha kukadiria mtoto mdogo anayebanwa mara kwa mara kama atakuja kuwa na pumu kweli, wanaangalia mzazi ana pumu, mtoto ana pumu ya ngozi, hayo ni mazito, halafu yale mepesi ni mafua ya aleji, kubanwa hata bila mafua, na esinofili kuanzia asilimia 4. Halafu 2016 Marekani walitoa matokeo ya watoto 300 wa miezi 12 mpaka 59, wakaona wale wenye aleji ya vitu vya hewani na esinofili 300 au zaidi ndo walionufaika zaidi na steroidi ya kuvuta kila siku kuliko na matibabu mengine. Nilipoisoma hiyo nilielewa kwanini dokta wetu aliisubiri ile 0.78 kabla ya kuamua. Hakuhitaji damu kujua kwamba mtoto anabanwa, hilo alilisikia kwa masikio, alitaka kujua ni uvimbe wa aina gani, ule unaosikia steroidi au la. Uingereza nao mwongozo wao wa Novemba 2024 umeziweka esinofili za damu kwenye vipimo vya kusaidia kuthibitisha pumu, ingawa kwa watoto wanaanza na kipimo cha pumzi, mtoto anapuliza kwenye kimashine kinachopima gesi ya naitriki oksaidi. Kwa wenye pumu kali sana isiyosikia kitu kuna sindano za gharama kubwa kama mepolizumabu ambazo namba ya esinofili ndo inaamua nani apewe, ila hizo kwa wengi wetu ni za kuzisikia tu.

Siku ya shambulio lakini damu isubiri. Hili nalisema kwa nguvu. Mtoto akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi, kifua kikiwa kimya hata filimbi haisikiki, oksijeni ikishuka kwenye kile kidude cha kidoleni, anahitaji salbutamoli, oksijeni na steroidi sasa hivi, foleni ya maabara baadae. Nimeona mzazi amekaa kwenye benchi ameshika karatasi ya kutolea damu na mtoto mapajani anahema kama amekimbia, nikamwambia dada ingia ndani, usikae hapa.

Mwanangu sasa yuko kwenye beklometasoni, steroidi ya kuvuta, asubuhi na jioni, kwa spesa, kile chombo kinachowekwa kati ya pampu na mdomo. Spesa yenyewe ya kwanza tulitengeneza kwa chupa ya maji ya nusu lita, tulitoboa kitako tukaingiza mdomo wa pampu tukaziba kwa plasta, na sio ushamba, Cape Town walipima mwaka 1999 kwa watoto waliobanwa wakakuta chupa ya mililita 500 inafanya kazi sawa na spesa ya dukani. Bila spesa dawa nyingi inaishia ulimini na kooni. Akimaliza anasukutua na kutema, ili asipate utando mweupe mdomoni.

Mama mkwe wangu alikuwa na wasiwasi sana. "Mwanangu, kila siku dawa, mtoto si atazoea hiyo pampu?" Nikamwambia mama, kinachotisha ni ile ya bluu ikitumika peke yake kila siku, hiyo ndo inaficha uvimbe, na toka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu wa GINA hautaki kijana wa miaka 12 na kuendelea atibiwe kwa salbutamoli peke yake, na kwa wadogo wa 6 mpaka 11 wanataka steroidi ya kuvuta iwepo pia. Dozi anayovuta ni ndogo sana ukilinganisha na ile prednisoloni ya kumeza aliyokuwa anapewa kila akibanwa. Mama alisikiliza, hakukubali siku hiyo hiyo, amekubali alipoona mwenyewe mtoto anakimbia na mbuzi bila kusimama kushika magoti.

Na hapa ndo kuna kitu ambacho wazazi wengi wanaoanza kusoma karatasi wanakosea mwelekeo. Baada ya miezi ya beklometasoni tulipima tena, esinofili 0.55. Kutoka 0.62 mpaka 0.55 ni kama hakuna kilichotokea. Lakini mtoto analala usiku mzima, hajakosa shule kwa sababu ya kifua muda mrefu, pampu ya bluu inakaa mpaka naikagua kama bado ina dawa. Dawa ya kuvuta inafanya kazi kule kwenye mirija, damu inaguswa kidogo tu, kwahiyo usitegemee namba ya damu ikushangilie. Kuna baba mmoja alimwachisha mwanae dawa ya kuvuta kwa sababu FBP ilionyesha esinofili 0.2, akasema uvimbe umeisha, mtoto akarudi wodini. Ukitaka kujua pumu imetulia hesabu kikohozi cha usiku, hesabu mara ngapi ile ya bluu imetumika kwa wiki, muulize mwalimu wa michezo. Damu inasema kitu kingine, inasema kama uvimbe upo wa aina ile na kama kuna hatari ya kubanwa huko mbele, mtoto mwenye esinofili juu yuko kwenye hatari zaidi hata akionekana mzima, ndo maana sisi hatujapunguza dozi mpaka sasa.

Shule zinakaribia kufungwa na bibi ameshapiga simu anamtaka mjukuu wake. Ataenda. Tumekubaliana maji ya kuoga yatekwe yalale kwenye pipa siku mbili kabla hajayatumia, maana vile viluwiluwi vya kichocho vikikosa mwili wa kuingia vinakufa, na ziwani haingii hata mguu, najua kwa hilo la mwisho bibi atakuwa na kazi. Akirudi tutasubiri miezi miwili hivi ndo tupime choo, sampuli zaidi ya moja, na FBP siku hiyo hiyo asubuhi, kama hatakuwa amemeza prednisoloni karibuni.